Kijivu wa Pili

Shemeji yangu alikuwa mtu wa kuchekwa, na mimi nilimcheka kuliko wote. Dada yangu aliolewa na mwanamume anayenuka farasi. Kila jioni alimwambia avue viatu nje, na kila jioni mume alisahau. Ningefanya nini, nimlilie?

Tulifanya kazi pamoja katika kiwanda cha mbao. Yeye aliendesha gari la farasi, mimi nilishika funguo za geti na za zizi. Gari lilivutwa na farasi wawili, Mwekundu upande wa kulia na Kijivu upande wa kushoto, miaka tisa bila kubadilishana nafasi. Walikuwa chanda na pete. Mmoja akipigiliwa chuma kipya kwenye kwato, mwingine alisimama karibu akimpumulia shingoni mpaka kazi iishe.

Asubuhi moja Kijivu aliugua tumbo, na ilipofika saa nne alikuwa amekufa nyuma ya rundo la mbao. Shemeji alinijia getini.

"Shemeji, usifungue geti kwanza. Nipe ufunguo wa zizi, nimtoe Mwekundu amnuse mwenzake. Nusu saa tu. Akimnusa atajua amekufa. Asipomnusa atamngoja mpaka naye afe."

"Siku hizi hata farasi wanaagana na maiti?" nikamuuliza, na wapakiaji wakacheka.

Tajiri, mwenye kiwanda, alipiga kelele kutoka dirisha la ofisi: trekta limefika, nzi wameanza, geti lifunguliwe. Nikafungua. Kijivu alifungwa mnyororo miguuni, akaburutwa hadi barabarani. Ufunguo wa zizi nilikuwa nao mfukoni. Sikumwogopa Tajiri, nisijitetee bure. Niliona aibu kuchekwa pamoja na shemeji.

Mwekundu alianza kuita mchana uleule. Aliita akitazama geti, akanyamaza asikilize, akaita tena. Majani hakuyagusa. Siku ya nne mbavu zake zilihesabika ukiwa mbali, na shemeji akapanda ofisini kuomba hata mbuzi mmoja wa kukaa naye zizini.

"Hapa ni kiwanda, mzee, si bustani ya wanyama," Tajiri akamjibu. "Jumatatu asipovuta gari anakwenda kwa mchinjaji."

Jumatatu shemeji alijifunga kifuani mkanda wa Kijivu, akaingia pale Kijivu alipokuwa akisimama, akaweka mkono juu ya shingo ya Mwekundu. Alikuwa na miaka hamsini na minane na kichwa kizima cha mvi. Farasi alizinusa zile mvi. Kisha akapiga hatua, na gari likatembea.

Mafundi wa msumeno walicheka hadi wakazima mashine. Na nani aliyempa jina? Mimi. "Kijivu wa pili huyo!" nilipayuka getini, na jina likamganda. Hata Tajiri akalichukua: "Kijivu, leo peleka mbao za dari." Mwekundu alirudia kula, lakini kwa sharti lake: shemeji asimame kushoto kwake. Basi dada yangu akawa anapeleka sahani ya mumewe zizini, akinung'unika kwamba ameletewa mke mwenza mwenye kwato. Shukrani ya punda ni mateke, nilimwambia shemeji, tungoje tuone ya farasi. Akacheka. Yeye alicheka kila nilipomtania, na hilo ndilo linaloniuma leo.

Ilikwenda hivyo miezi mitatu. Alikonda, mabega yakainama, akaanza kukohoa akipanda mwinuko wa getini. Siku aliyokwenda kuomba farasi mwingine wa kushoto nilikuwepo. Tajiri alishangaa kweli, wala hakuwa anatania.

"Wa nini? Mwenzake si wewe?"

Shemeji alianguka Alhamisi, kwenye mwinuko uleule, gari limejaa milango. Mwekundu alikaza miguu akalizuia gari peke yake, hadi wapakiaji walipoweka magogo nyuma ya magurudumu. Tulipomfungua shemeji ule mkanda alikuwa ameshakata roho. Wakamlaza kivulini, kando ya kibanda changu.

"Fungua geti!" Tajiri aliita. "Gari la maiti liko nje. Wateja wataona."

"Bado."

"Nimesema fungua!"

Nikatia funguo kifuani, ndani ya nguo, nikaenda kumfungua Mwekundu. Nilimwongoza hadi kivulini. Alimnusa shemeji kichwani, masikioni, na kifuani pale mkanda ulipokuwa umechubua ngozi. Alinusa muda mrefu. Dada yangu alifika analia, akatuona, akakaa chini bila kunikataza. Mwisho farasi akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akatulia.

Hakuita tena. Jioni ile alikula peke yake, akamaliza. Asubuhi wakamfunga kwenye gari lenye nusu ya mzigo, pembeni yake pako wazi, akalivuta mpaka getini bila kugeuza shingo. Tajiri alimtazama, mikono mfukoni.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi," akasema.

Nusu saa. Hiyo tu ndiyo shemeji aliyoniomba. Nikafungua geti, gari likapita.