Landrova ya Bibi Harusi Ilivyogoma Kasansa

Haya, nyie mliobanana huko pembeni, sogeeni mkekani, na wewe mwenye kikombe usimalize peke yako. Nimewasikia mnalia eti pikipiki zenu hazishiki. Hamjagomewa nyie. Mimi Landrova ilinigomea Kasansa, miaka ya tisini, na bibi harusi yumo ndani.

Aliyekuwa anaoa ni mdogo wangu. Yeye yuko kanisani Kibaoni, kavaa suti ya kuazima mikono inaishia kwenye viwiko, mimi dereva nimetumwa kumleta mchumba. Sasa padri wa siku zile alikuwa adimu kama kupatwa kwa jua. Akija, anabatiza, anafungisha ndoa, anapiga pikipiki lake kiki, huyo kigango kingine. Na mawingu yalishatanda. Mvua ikianza kule bondeni ile njia inakuwa bwawa, mpaka viboko wanaomba lifti. Tukimkosa padri siku ile, ndoa mpaka masika yaishe. Na baba wa binti alishatoa neno: bila ndoa ya kanisani, binti yake haondoki pale.

Tulipofika nyumbani kwao tukamkuta bibi mzaa mama wa binti kakaa na kigoda chake katikati ya mlango. Ndiyo desturi yao. Bibi anafunga mlango, upande wa mume wanamvalisha kitenge, anafungua. Sasa nilikuwa na dada yangu na mjomba wangu, na huyo mjomba aliwahi kufagia gereji Mpanda mjini basi akajiona injinia. Akamruka bibi wa watu. "Mama, hayo ya zamani. Padri anasubiri."

Bibi akanyanyuka. Akabeba kigoda chake akatoka nje. Sisi tukaingia kumtoa binti, na mashangazi zake waliimba mpaka kuku wakahama boma.

Tukampakia. Nikapiga stata. Ng'e-ng'e-ng'e, kimya. Nikarudia, kimya. Ile gari, ndugu zangu, ilikuwa inawaka hata ukiitukana kwa mbali. Leo kimya kama mkwe mezani.

Mjomba akavua koti. "Plagi hizo." Tukafungua plagi, tukazisugua na mchanga, tukazipuliza. Kimya. "Basi petroli haifiki." Nikanyonya mpira wa petroli, ikaniingia mdomoni, wiki nzima nilikuwa sikaribii jiko. Petroli inafika. "Basi betri." Nikachukua hendeli nikazungusha kwa mkono, nikazungusha, bega likahamia shingoni, jasho langu lingemwagilia jaruba la mpunga. Kimya. Kila kifaa kilichofunguka kilifunguliwa, kikapangwa kwenye ungo kama dagaa.

Bibi harusi akachungulia dirishani, poda imeshachora mito usoni. "Shemeji, nishuke nisukume?"

"Kaa, shemeji. Ukishuka na hilo gauni, tutafua mpaka Pasaka."

"Padri ataondoka."

"Padri haondoki," akasema bibi. Katulia na kigoda chake nyuma ya gari, anatafuna karanga. Nikaona huyu mzee hajui dunia inavyokwenda. Nilitamani kulia, ila petroli ilishanikausha hata machozi.

Akapita jirani Msukuma na maksai zake. Akaizunguka gari, akaigonga ubavuni. "Watani, hii imevimbiwa. Kwetu ng'ombe akigoma hivi tunamwangalia mkiani, nyie mnamshika mdomo tu."

"Hii mashine, mtani, siyo ndama," mjomba akamkata. "Wewe tufungie maksai tuvute."

Tukarudisha vyuma vyote, tukafunga maksai mbele kwa mnyororo. Mimi kwenye usukani, gia ya pili, klachi chini. Maksai wakavuta, gari ikatembea, nikaachia klachi. Ikakohoa, pfu, ikasimama. Nikageuka nyuma, nikamwona bibi kabeba kigoda chake anatufuata. Akakaa palepale nyuma ya gari, kama mtu anayekamua. Tukavuta tena. Pfu. Bibi akahama tena na kigoda.

Hapo nikashuka. "Bibi, hapo unatafuta nini?"

"Nimekaa mlangoni kwangu."

Nikapiga magoti nikachungulia kwenye ekzosi. Ndugu zangu, gunzi la muhindi. Limeviringishwa tambara, limeshindiliwa kwa mchi mpaka ndani. Nikavuta, halitoki. Nikavuta na meno, halitoki.

"Bibi, nani kafanya hivi?"

"Tangu asubuhi mnaliuliza gari," akasema. "Mimi mwenye mlango hamjaniuliza."

Mjomba akaanza kufoka, dada yangu akamkanyaga mguu. Akafungua kitenge chake kipya kiunoni, akabaki na kanga, akapiga goti akamvalisha bibi. Bibi akajitazama huku na huku. Akachomoa waya uliopinda mwisho kutoka kwenye nywele, nadhani aliuchongesha kwa kazi hiyo, akaingiza, akazungusha, gunzi likatoka. Nikapiga stata mara moja. Ikanguruma mpaka maksai wakakimbilia kwao na mnyororo wetu.

Bibi akakaa mbele, mjomba akaning'inia nyuma. Nikakimbiza ile gari hivi kwamba vumbi letu lilifika siku ya pili yake. Njia nzima binti analia, misa ilishakwisha zamani, hata kengele haisikiki.

Tunaingia kanisani Kibaoni, mdogo wangu kakaa kwenye ngazi kashika kichwa. Na padri yupo. Kanzu kaikunja magotini, mikono myeusi kwa oili, anapiga pikipiki kiki, anapiga, kimya. Plagi yake ipo kwenye kitambaa cha altare.

Nikaenda nyuma ya lile pikipiki nikainama. Gunzi dogo, lile la muhindi wa mwisho wa msimu.

Watu wote tukageuka kumtazama bibi. Yeye anajifunga kitenge vizuri.

"Mke wa katekista nilimtuma alfajiri," akasema. "Mlidhani nitamfungia mjukuu wangu mlango, halafu padri nimwache wazi?"