Miaka Arobaini na Tisa

Mimi ni karani wa rekodi hospitalini, Garissa. Wakati wa korona walinitoa ofisini wakaniweka kwenye hema karibu na lango, na meza, peni na rundo la fomu. Kazi yangu ilikuwa kumwuliza mgonjwa kwa Kisomali, kumtafsiria daktari, na kutia alama. Amezidi miaka sitini? Alama. Ana sukari? Alama. Presha, pumu, figo, kila kimoja na alama yake. Mgonjwa akifikisha tatu alipelekwa wadi ya oksijeni, ambako muuguzi habanduki kitandani. Chini ya hapo ni wadi ya kawaida, na huko, wallahi, muuguzi alikuwa mmoja kwa wagonjwa ambao hata yeye hakujua ni wangapi.

Fomu ile niliijua kuliko sura yangu mwenyewe. Nimewaona vijana wakiingia wakikohoa wakatoka kwa miguu yao, na nimewaona wazee wenye sukari wakiingia wanaongea vizuri, siku ya tatu wamefunikwa. Kwa hiyo mtu asinipe pole kwamba sikujua.

Shida yetu huku ni miaka. Mtu wa rika la mama yangu hana tarehe ya kuzaliwa, ana ukame. Atakuambia alizaliwa mwaka ng'ombe walipokwisha, na kama humjui vizuri huwezi kujua ni ng'ombe wa mwaka gani. Karani wa vitambulisho akichoka anaandika tarehe mosi Januari, na mwaka wowote anaotajiwa. Ndiyo maana nusu ya Garissa inazeeka siku moja.

Mama yangu alichukua kitambulisho Modogashe, miaka ishirini kabla ya korona. Nilimpeleka mimi kwa sababu hakujua Kiswahili. Mbele yetu kwenye foleni alisimama mke mwenzake, mama mdogo, ambaye baba alimwoa nikiwa darasa la tano. Mama mdogo akaulizwa umri, akasema thelathini. Pale pale mama akanifinya mkono.

"Mwambie ishirini na tisa."

"Hooyo," nikamwambia mama kwa Kisomali chetu, "mimi mwenyewe nina ishirini na sita."

"Kwani amekuuliza wewe?"

Karani aliniangalia, akamwangalia mama, akaandika. Kwa karatasi za serikali, mama yangu alinizaa akiwa na miaka mitatu. Sisi watoto tulicheka wiki nzima. Yeye hakucheka hata kidogo. Kile kitambulisho alikitia kwenye kipochi shingoni, na kila mama mdogo alipojisahau akamwita dada mkubwa mbele za watu, kilitolewa. Mchezo huo uliendelea miaka ishirini, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Kisha korona ikampata mama. Walifika hospitalini kwa gari asubuhi, yeye na mama mdogo. Mama alikuwa na siku ya tano ya kukohoa, anaongea kwa vipande, neno moja, pumzi, neno moja. Mama mdogo alikuwa amemshika kiuno. Wamegombana maisha yao yote hao, lakini siku ile ndugu wengine wote waliogopa kupanda gari moja na mgonjwa, akapanda yeye.

Daktari alikuwa kijana mgeni, hana hata mwezi Garissa. Mimi nilikuwa ndani ya barakoa, miwani na gauni la plastiki. Hakujua kwamba huyu ni mama yangu, na sikumwambia. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshakufa ganzi tangu wiki za nyuma, natia alama kama mtu anayechambua mchele.

"Miaka?" akauliza.

Mama alinitazama. Kitambulisho kilikuwa mkononi. Mama mdogo alisimama nyuma yake, anasikiliza.

"Arobaini na tisa," nikasema.

Sukari, nikatia alama. Presha, nikatia alama. Mbili. Daktari akaangalia kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, akaona si kibaya sana, akaangalia fomu, akasema wadi ya kawaida. Mama akamtupia mama mdogo jicho, na pamoja na ile pumzi ya shida, akatabasamu. Umri wake wa kweli ulikuwa sitini na nane.

Nilijiambia nitairekebisha mchana. Mchana ikashuka familia nzima kutoka Dadaab, wadogo kwa wakubwa wanakohoa. Kesho yake nikasahau. Nasema nikasahau, lakini huo ni uongo. Nilikumbuka mara mbili, na mara zote mbili niliona uvivu kwenda kuitafuta ile karatasi kwenye faili. Asubuhi na jioni nilipita kitandani kwake, nikamsalimia, akajibu alhamdulillahi, nikaenda zangu. Najichukia kwa hilo. Hata chuki yenyewe haina moto, ipo tu.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, mama mdogo alikuja hemani bila viatu.

"Njoo. Anavuta pumzi kwa mabega."

Nilimkuta daktari amesimama kando ya kitanda na faili, anamwambia muuguzi, "Huyu si mzee, ana alama mbili tu. Tumwangalie mpaka jioni."

"Daktari," nikasema, "ana sitini na nane."

Akageuka. "Fomu inasema arobaini na tisa."

"Fomu niliandika mimi. Ni mama yangu. Ana sitini na nane."

Sikupaza sauti, lakini wadi nzima ilisikia. Mama hakujua Kiswahili, ila aliuza maziwa sokoni tangu nikiwa mtoto, na namba za Kiswahili alizijua zote. Alimwangalia mama mdogo kwanza. Mama mdogo akainamisha macho chini. Halafu mama akaniangalia mimi, akavuta mtandio, akajifunika uso.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimwambia muuguzi alete kiti cha magurudumu, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kitanda cha oksijeni kilikuwa wazi tangu juzi.

Alihamishwa dakika ile ile. Walimvisha barakoa ya oksijeni, wakamlaza kifudifudi, wakafanya kila kitu ambacho wangekifanya siku ya kwanza. Mama mdogo alikataa kutoka, wakampa gauni. Nikakaa upande mmoja wa kitanda, yeye upande wa pili.

Maji mama aliyapokea kutoka kwa mama mdogo. Nilipompelekea kikombe mimi, alifunga mdomo. Mama mdogo akamwambia, "Ni binti yako huyu, kunywa." Hakunywa. Nikakiweka kikombe chini, mama mdogo akakichukua kile kile akampa, mama akanywa.

Mama alifariki kesho yake, saa nne asubuhi. Tangu alfajiri nilikuwa namwita, hooyo, hooyo, naomba msamaha kwa Kisomali, kwa maneno yote ninayoyajua. Alikuwa ananisikia. Kila nikiita, aliukaza mkono wa mama mdogo, na uso wake ukabaki upande ule.