Jiwe la Kusagia

Nilipokuwa na mimba ya kwanza, Wajerumani walikuwa wamemchukua mume wangu kujenga reli. Kichwa kilinishika upande mmoja mpaka nikatapika. Mama mkwe akanikataza dawa ya mizizi na kuumikwa kwa pembe ya kunyonya damu, eti damu ni ya mtoto. Hilo nililikubali. Niliomba tu kulala gizani, ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo.

“Mimba si ugonjwa,” akasema, akanisogezea mtama.

Nikasaga, ukanda wa ngozi niliojifunga kutuliza maumivu umenibana kichwani, jiwe likikwaruza kama limo jichoni mwangu.

Siku ya tatu kichwa kikamshika yeye. Akajilaza gizani, akaniamuru nikasagie kwa jirani, maana mlio wa jiwe unamuumiza. Nikajitwika mtama juu ya kichwa kilekile, nikatoka juani.