Kambare Kutwa Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye bwawa la Mto Tana upande wa Mbeere, nilijimwagia chai ya moto mkononi. Kabla sijapiga kelele, mvuvi mmoja aliyehamia pale kutoka kanda ya ziwa akanishika na kunipaka ute wa kambare, ule utelezi wa ngozi yake. Bosi wangu, Msimamizi wa Kituo, alitazama tu. "Zoea," akasema. "Hawa watu wa ziwa wana samaki wa kula na samaki wa kuponya. Kaa wa kuchoma ni wa kikohozi cha mtoto. Mchuzi wa kichwa cha kambare ni wa mama aliyejifungua." Nilinuka wiki nzima.

Kisha nikahamishiwa Kianjokoma, kule juu kwenye mashamba ya majani chai, nifundishe wakulima kufuga samaki. Walichimba mabwawa vizuri, wakapokea vifaranga, yaani kambare wachanga, wakawalisha pumba. Kuwala ndiko kulikowashinda. Wengi walilelewa wakijua samaki ni ndugu wa nyoka. Tulivuna kwa kokoro, wavu mrefu wa kuburuta, na hakuna aliyenunua hata mmoja. Afisa wa Uvuvi wa Wilaya akaniambia, "Nakuja Ijumaa. Nikikuta hawaliwi, mabwawa yatafukiwa na wewe utarudi kwenu kulima." Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Niliogopa sana.

Jirani yangu, bibi mzee tuliyemwita Cucu, alikuwa na mke wa mwanawe aliyejifungua akakosa maziwa. Nikamsimulia habari ya mchuzi. Akachukua kichwa kimoja, akakipika nje, kwa sufuria ya mbwa. Maziwa yakaja. Mimi si daktari. Huenda ni mchuzi, huenda ni kule kupumzishwa na kulishwa. Alhamisi asubuhi foleni ilifika barabarani, na wote walitaka vichwa tu. Nikabaki na rundo la kambare wasio na vichwa.

Cucu ndiye aliyeniokoa. Alisimama katikati ya foleni akauliza, "Kama kichwa ni ya mama, hiyo ingine yote ni ya nani? Si ni ya baba?" Kufikia jioni rundo lilikuwa limekwisha.

Ijumaa Afisa alimkuta mzee mmoja mlangoni pake, akiwa na bakuli la kambare na kijiko.

"Mzee, unaonaje samaki?"

"Sisi hatukulangi samaki. Hii ni dawa. Kijiko moja, kutwa mara tatu."

"Unaumwa nini?"

"Bado sijagonjeka. Nazuia tu."

Afisa akasema mabwawa yasiguswe.

Yapo hadi leo, na vijana hupeleka kambare sokoni Runyenjes kwa boda boda. Nilipostaafu, wakulima walinifanyia sherehe kubwa: mbuzi, wali, mukimo. Samaki sikumwona. Roho iliniuma, nikamuuliza mwenyekiti wa wafugaji kulikoni.

Akaniinamia sikioni. "Mwalimu, wageni wazima hivi tuwapatie dawa? Si watafikiria tumewaona wagonjwa?"