Ameshanawa

Mama aliyekuwa mhudumu mkuu wa hoteli yetu pale Mwanga hakutuanzisha kazi sisi wapya kwa sahani. Alituanzisha kwa birika la kunawia. Maji aliyajaribu kwanza kwenye kiganja chake, kama mama anayetaka kuogesha kichanga, na yakizidi moto aliyarudisha jikoni huku akinung'unika kwa Kiha. Beseni mkono wa kushoto, taulo begani, alimimina polepole mpaka mteja mwenyewe aseme basi. "Usimmwagie mtu kama unamwagilia mchicha," alitukaripia, kwa sauti ya chini ili mteja asisikie. Hakumuuliza mtu atakula nini kabla mikono haijakauka.

Mwaka ule boti zilikuwa zikishusha ufukweni watu waliokimbia vita Zaire, na tajiri, mwenye hoteli, alikuwa ametukataza kuwakaribisha wakimbizi ndani. Mchana mmoja mzee mmoja, suruali imelowa hadi magotini, alisimama mlangoni akaomba maji ya kunywa tu. Yule mama akampa shikamoo, akamvutia kiti, akaleta birika. Mzee alinawa taratibu, hadi viwiko. Tajiri akaja kutoka kaunta.

"Nilisemaje kuhusu hawa?"

Mama hakugeuka. Alimpa mzee taulo, akangoja ajifute.

"Ameshanawa, bosi."

Tajiri akaitazama ile mikono miwili mezani, safi, inasubiri. Kisha akaenda mwenyewe kwenye dirisha la jikoni, akamwagizia mzee ugali na samaki wa mgebuka.