Mawe ya Mtaa wa Kumi na Saba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufunga maji yasigande mabombani kwenye nyumba za watu wa kiangazi, wale wanaokuja msimu wa joto tu, Vern Hulick alisimama mwisho wa Mtaa wa Kumi na Saba, akaegemea uzio wa mbao unaotazama bahari na kuhesabu mawe. Vijana wa siku hizi huangalia bahari kwa simu, kupitia kamera iliyofungwa juu ya duka la aisikrimu. Vern aliwadharau. Bahari huangaliwa kwa macho, na baridi ikuume.

Kwa miaka tisa, karibu kila siku, hesabu yake ilikuwa fupi: hakuna jiwe. Serikali ilileta meli ya kunyonya mchanga kutoka chini ya bahari, ikaumwaga ufukweni ili nyumba za matajiri zisisombwe, na ukuta wa mawe ulioingia majini tangu enzi za babu yake ukazikwa wote. Watu wa kiangazi wakapata pa kutandika taulo, wakashangilia. Lakini lile wimbi la kuteleza kwa ubao likafa.

Maana ukuta ndio uliolitengeneza. Mchanga ulijikusanya ubavuni mwa mawe, na wimbi likija lilianza kukunjika kwenye jiwe la mwisho, likafunguka taratibu mpaka karibu na ngazi za kushukia ufukweni. Mkondo wa kando ya mawe ulikurudisha nje na ubao wako bila kutoka jasho. Vern na kaka yake, Roy, walijifunzia hapo kuteleza juu ya mawimbi, kwa ubao mmoja wa kuazima. Roy aliupanda kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, na Vern alikaa kwenye jiwe la mwisho akimpigia kelele kila wimbi jema lilipotokea.

Mchanga ulipomwagwa, Roy alifunga virago akamfuata binti yake Ohio, kusiko na bahari hata ya dawa. "Dogo," alisema akiwa ameshawasha gari, "mawe yakitokea, nipigie. Nitakuja hata kwa magongo."

Na yalitokea. Mwaka juzi dhoruba iling'oa mchanga, mawe yakaonekana kwa siku nne, kisha yakafunikwa tena. Vern hakupiga simu. Alivaa suti yake ya mpira ya kuzuia baridi ya maji, akaingia peke yake, akapanda wimbi aliloliota miaka yote ile, akatoka analia kama mtoto. Roy alikuwa na miaka sabini na goti la chuma. Angesema hawezi. Na akishasema hawezi, Vern angebaki akimngojea nani? Hilo ndilo lililomtisha, na aliona aibu nalo kila siku.

Januari hii dhoruba ilipiga siku mbili. Alhamisi asubuhi Vern alihesabu mara tatu, kisha akaenda kwa Peg, mwenye mgahawa pekee usiofungwa wakati wa baridi.

"Mangapi?" Peg aliuliza akimimina kahawa.

"Kumi na manne. Na la mwisho limo."

"Basi furahi upesi. Meli inakuja Jumatatu. Mkwe wangu wa halmashauri anasema safari hii watamwaga mpaka nje ya jiwe la mwisho. Mimi na wewe hatutayaona tena."

Vern alikizungusha kikombe bila kunywa.

"Umempigia kaka yako?"

"Atakuwa na shughuli zake."

"Shughuli gani huko Ohio? Kupalilia theluji? Nenda kapige simu, mzee, usininunie juu ya kahawa yangu!"

Vern akarudi kwenye uzio. Alibonyeza namba isiyo yenyewe, akaanza upya.

"Kaka."

"Sema, dogo."

"Mawe yametoka."

"Kumi na manne," alisema Roy.

Vern aliishusha simu, akaitazama, akairudisha sikioni. "Nani kakwambia?"

"Kamera, mjinga wewe! Ya duka la aisikrimu. Naifungua kila asubuhi kwenye kompyuta ya binti yangu. Nakuona umesimama hapo na kofia ambayo hata mbwa hawezi kuilalia."

"Kila asubuhi?"

"Miaka tisa." Roy akakohoa. "Na mwaka juzi nilikuona. Ulipanda lile kubwa, ukatoka umejiziba uso. Nilikaa na simu mkononi mpaka jioni. Begi nilikuwa nimeshalipanga."

Vern alitamani ardhi immeze. "Niliogopa utasema huwezi."

"Goti ndilo haliwezi. Mimi ningekaa kwenye jiwe la mwisho nikupigie kelele. Hukufikiria kwamba na mimi nina zamu yangu?"

"Njoo, kaka." Vern aliyatazama mawe. "Jumatatu wanayazika."

"Ni mwendo wa kutwa. Kesho nipo. Hebu geuka, inua mkono."

Vern aligeuka kuielekea ile kamera aliyoipuuza miaka yote, akainua mkono. Picha huchelewa kufika. Alisimama hivyo hivyo, mkono juu, akimsikia kaka yake akipumua.

"Nimekuona," alisema Roy. "Sasa nisikilize. Usiingie majini mpaka nifike. Umenisikia, Vern? Safari hii usiingie."

"Siingii."

Nyuma yake wimbi safi lilikunjika kwenye jiwe la mwisho, likafunguka mpaka ngazini bila mtu juu yake. Vern aliusikia mlio wake tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakugeuka.