Barua Mbili za Samsam

Nimefundisha na Samsam katika shule moja ya msingi kule Kaptembwo, Nakuru, kwa miaka saba, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Anafundisha Kiswahili. Watoto wakipiga kelele yeye hushusha sauti yake zaidi, mpaka wanyamaze ili wamsikie. Wengi wetu shuleni tulimjua hivyo tu. Kwamba mwanamke huyu alikuwa na kazi nyingine wakati wa likizo, na kwamba kazi hiyo ingemkalisha meza moja na wanajeshi wa nchi jirani, nilikuja kujua baadaye.

Alizaliwa Bondeni, mtaa wa zamani wa Waislamu hapa Nakuru. Babu yake alikuwa Msomali aliyefika na biashara ya ng'ombe akaona hapa panamtosha. Kwa hiyo Kisomali alikipata nyumbani, kwa mama yake Farhiya. Kiamhari alikipata Moyale, alikoolewa akakaa miaka tisa. Sokoni Moyale ukivuka barabara umeingia Ethiopia, na mtu asiyejua lugha mbili huko hula hasara kila siku. Mume wake alipofariki, Samsam alirudi Nakuru na binti zake wawili, akaajiriwa shuleni kwetu. Shule zikifungwa alikuwa akitafsiri: hospitalini kwa wakimbizi, kortini mara moja moja, na kwenye mikutano ya hotelini, kwa sababu Nakuru na Naivasha hazikosi mikutano.

Mkutano ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa Agosti 2024. Kuuelewa, lazima mtu akumbuke mwaka ule ulivyokuwa. Mwezi wa kwanza, Ethiopia, ambayo haina bahari, ilikubaliana na Somaliland ipewe njia ya kufika pwani. Somalia, inayohesabu Somaliland kuwa sehemu yake, iliona imeibiwa mchana. Askari wa Ethiopia walikuwa wamepigana upande wa Somalia dhidi ya al-Shabaab kwa miaka mingi, na sasa ikawa wanaambiwa huenda wakafukuzwa. Wiki ile ile ya mkutano wetu, Somalia ikatia saini mkataba wa ulinzi na Misri, ambayo ina ugomvi wake na Ethiopia juu ya maji ya Nile. Rafiki wa jana alitiliwa shaka, na wa mbali akakaribishwa sebuleni.

Katikati ya hayo yote, mbuzi walikuwa wanakufa. Kule Mandera, nchi tatu zinapokutana, sotoka, ule ugonjwa unaofagia mbuzi, ilikuwa imeingia. Ukichanja upande mmoja na kuacha mwingine umefanya kazi bure, maana mifugo hunywea visima vile vile. Na wachanjaji hawaendi huko bila walinzi wenye bunduki. Mwaka uliotangulia walinzi wa pande mbili walikutana kisimani bila habari, nusura wafyatuliane risasi, na chanjo ikaishia hapo.

Ndiyo maana Daktari Naftaly Muiruri, daktari wa mifugo ambaye kwao ni Mau Narok, aliwaita maafisa wa pande zote hotelini hapa Nakuru kwa siku tatu. Kutoka Somalia alikuja Jalal, ofisa wa usalama wa wilaya ya mpakani, mrefu, mwenye kikohozi kisichoisha. Kutoka Ethiopia alikuja Kapteni Zayed, mnene kidogo, mpole wa uso. Samsam alikaa katikati yao.

Siku ya kwanza aligundua jambo la ajabu. Zayed ni Msomali wa upande wa Ethiopia. Kisomali anakijua kama Jalal anavyokijua. Lakini alikuwa amekuja kwa niaba ya serikali kuu ya Ethiopia, ambayo kazi zake hufanywa kwa Kiamhari, na alikuwa ameamua kwamba pale atasema Kiamhari tu. Jalal naye alisema Kisomali akitazama dirisha. Basi Samsam akawa anamtafsiria Zayed maneno ambayo Zayed alikwisha kuyasikia, kisha anamgeukia Daktari kumweleza kwa Kiswahili, na Jalal, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab hapa Kenya, anaelewa kila kitu.

Adhuhuri hivi Jalal akasema, "Mwambie huyo kwamba mwizi wa bahari haaminiwi hata kwa kisima."

Samsam alisita. Daktari alikuwa amemwomba asubuhi ajitahidi kupoza mambo. Akasema, kwa Kiamhari na kwa Kiswahili, "Upande wa Somalia una wasiwasi kidogo kuhusu kuaminiana."

Zayed alitabasamu bila furaha. Mkutano ukaendelea hadi saa kumi, na hakuna kilichoamuliwa.

Wakati wa chai Jalal alimfuata kwenye veranda. Alikuwa ameshika kikombe chake bila kunywa.

"Dada," akamwambia, "nilisema mwizi. Wewe ukasema wasiwasi."

"Nilitaka mkutano uendelee."

"Mkutano wenu uliendelea. Wangu ulisimama pale pale. Nikirudi nyumbani nitawaambia nilizungumza na ukuta, na huo ukuta uko Nakuru."

 Jioni Samsam alinipigia simu, ndipo nikajua habari zote hizi. Alisema amejiona mwongo, na si mwongo wa kawaida, bali yule anayedanganya pande zote mbili kwa wakati mmoja, nao wanamwona. Nilimwambia asijali, hayo ni mambo ya serikali, amalize siku zake mbili arudi kwa watoto wake. Nashukuru hakunisikiza.

Asubuhi ya siku ya pili, kabla Daktari hajafungua mkutano, Samsam aliomba kusema. Alisimama, jambo ambalo watafsiri hawafanyi.

"Jana nilibadilisha neno la mtu," akasema. "Sikuwa na haki hiyo. Bwana Jalal alisema hivi." Akalisema lile neno kwa Kiamhari, lote, mwizi na kisima. Kisha kwa Kiswahili. Halafu akaketi.

Daktari Naftaly aliweka kalamu chini. Samsam aliniambia alifikiri sasa kila mtu atafungasha virago na kosa litakuwa lake.

Zayed aligeuza kiti kumwelekea Jalal. Alipofungua kinywa, alisema Kisomali.

"Mwizi? Mama yangu ana mbuzi kule kwetu Dolo. Alikuwa nao. Mia moja na arobaini walikufa mwezi wa tatu. Hiyo bahari unayoniambia, mimi sijawahi kuiona kwa macho."

Jalal aliacha kutazama dirisha. "Kumbe unasema."

"Mama yangu hajui lugha nyingine. Ulitaka niseme nini?"

"Dolo sehemu gani?"

"Chini, karibu na mto."

"Kwa mjomba wangu walikufa wote," Jalal akasema. "Hata wa maziwa."

Hapo wakaanza kugombana, na waligombana kweli, kwa nusu saa, juu ya nani alivusha mifugo iliyougua na nani alificha habari. Lakini sasa walikuwa wanatazamana. Samsam aliacha kutafsiri. Daktari akamwinamia.

"Samsam, wanasema nini hawa?"

"Daktari, wamefika kwenye mbuzi. Tuwaache."

Kufikia mchana walikuwa wamekubaliana visima sita na tarehe za kila kisima. Ndipo tatizo lenyewe likajitokeza. Zayed alionyesha simu yake: amri kutoka kwa wakubwa wake, asitie saini karatasi yoyote yenye jina la Somalia. Jalal akacheka huku akikohoa. Naye alikuwa na amri kama hiyo, ila yake ilikuja kwa mdomo.

Daktari alianza kukunja ramani. Alikuwa amehangaikia mkutano ule miezi mitano.

"Si lazima iwe karatasi moja," Samsam akasema. Wote wakamgeukia. "Kila mmoja amwandikie Daktari barua yake. Mwenyeji mmoja, barua mbili. Maneno yakiwa yale yale, hakuna aliyetia saini na mwenzake."

Daktari akaikunjua ramani tena.

Barua hizo zilimchukua Samsam mchana wote na asubuhi ya siku ya tatu. Neno "mpaka" halikuandikwa, maana pangezuka ugomvi mwingine. Hakuna nchi iliyotajwa. Vilitajwa visima, tarehe, na rangi ya fulana za walinzi. Sentensi iliyomtesa kuliko zote ilikuwa ya mwisho: walinzi wakikutana, watashusha mitutu ya bunduki na kusalimiana. Neno la Kiamhari aliloandika kwanza lilikuwa na harufu ya saluti, ya mdogo kumpigia mkubwa, na Jalal, alipoelezwa, alilikataa. Alilotoa Zayed, Samsam alilikataa yeye mwenyewe, kwa sababu kwa Kisomali halikuwa na mwenzake. Walizunguka hapo saa nzima. Mwishowe akaandika neno ambalo wanawake wa soko la Moyale hutumia wanapofungua vibanda asubuhi na kujuliana hali. Wanaume wote wawili walilisoma, kila mmoja kwa lugha yake, wakatia saini, kila mmoja ya kwake.

Chanjo ilifanyika mwezi wa kumi. Hakuna risasi iliyopigwa. Jalal alimtumia Samsam ujumbe wa sauti, na chini yake unasikia mbuzi wakilia hadi maneno yanapotea. Zayed aliandika kwa ufupi kwamba mama yake amebakiwa na sitini, na wanazaa.

Desemba serikali za Ethiopia na Somalia zikapatana kule Ankara, Uturuki ikiwa mpatanishi. Habari ilitangazwa redioni tukiwa tumeitwa shuleni katikati ya likizo kumalizia ripoti za mwaka, na mwalimu mmoja akamtania Samsam kwamba ni barua zake. Alikataa papo hapo. Alisema wakubwa hupatana kwa sababu zao na hukosana kwa sababu zao, na kesho watabadilisha marafiki tena. Alichojua yeye ni kwamba kuna watu kisimani waliojua rangi ya fulana za wenzao, na hilo halikungoja Ankara.

Agosti iliyofuata Daktari Naftaly aliita mkutano wa pili, safari hii Njoro. Jalal na Zayed walifika kwa gari moja kutoka uwanja wa ndege, wakiwa na ajenda waliyoiandika njiani, Kisomali kitupu. Walikuwa wameongeza visima vinne.

Siku ya mwisho Daktari aliwapeleka nyumbani kwake Mau Narok, na Samsam akanialika nikaandamana naye na binti zake. Kulikuwa na baridi ile ya huko juu inayopenya sweta. Shiru, mke wa Daktari, aliwapa wageni makoti, na la Zayed likagoma kufunga vifungo. Ngano ilikuwa imesimama hadi mwisho wa macho. Zizini Jalal alimshika kondoo mmoja, akampapasa nyuma, mahali ambapo kondoo wa kwao huwa na mkia mnene wa mafuta, akaduwaa.

"Huyu mkia wake wa mafuta uko wapi?"

"Ni wa sufu," Zayed akamjibu. "Mafuta amevaa nje."

"Hii ni hasara."

Shiru alitaka kujua wanabishana nini juu ya kondoo wake. Samsam alimweleza neno kwa neno, hadi lile la hasara. Shiru akasema basi wamwambie huyo mzee angoje aonje supu ya kondoo hawa kwanza, ndipo aseme. Samsam akalifikisha kama lilivyo, na Jalal, akiwa bado amemshika kondoo, akasema yeye hana haraka, anangoja.